Ukiitwa Usiku Usiitike: Maswali Yenu Kuhusu Muvi za Kutisha

Haya wapendwa, toleo lililopita niliandika kamstari kamoja tu hapa, kwamba muvi ya kutisha haiangaliwi, inasikilizwa. Basi meseji zikamiminika utadhani nimemtukana mtu mama yake. Wengine mmekubali, wengine mmenichana kistaarabu, kuna mmoja kaniambia nikapimwe masikio. Nimechagua chache nijibu, na natoa onyo mapema: nitafichua mambo, kwaiyo kama Sinners hujaichek ruka swali la tatu afu urudi baadae.

Kaka mi nakataa. Nimechek A Quiet Place: Day One ile iliyotafsiriwa, sikuogopa hata nukta, nimecheka mwanzo mwisho. Sa hapo sikio limefanya kazi gani? (Mzee wa Flashi, Mwanza)

Mzee wa Flashi, umejijibu mwenyewe ndugu yangu, umechek ILIYOTAFSIRIWA. Tulia nikueleze. Muvi zile zote zimejengwa juu ya kitu kimoja, kuna madude yametua kutoka angani, hayaoni kabisa ila yanasikia, ukiangusha kijiko tu umekwisha. Ile ya kwanza ya 2018, ya John Krasinski na mkewe Emily Blunt, familia nzima inaongea kwa lugha ya alama, na yule binti yao, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli siyo kuigiza, kila tukimfuata yeye sauti zote zinakatika unabaki wewe na moyo wako unavyodunda. Hii ya 2024 wakaipeleka New York, na inaanza kwa kukuandikia kwenye skrini kwamba kelele za lile jiji ni wastani wa desibeli 90, yaani wamekuandaa kabisa, hizi kelele zote unazozisikia zinaenda kuzimwa sa hivi. Afu wewe hapo hapo ukampa maiki DJ wa kutafsiri, aongee juu ya muvi mwanzo mwisho.

Siwasemi vibaya ma-DJ, mi nimelelewa nao. Nimekaa kwenye mabenchi ya kibanda umiza tangu sijaota ndevu, sauti ya Lufufu naijua kuliko sauti ya mwalimu wangu wa darasa la tatu, na Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana VJ Jingo, hao watu wamefanya Mchina na Mmarekani waongee kama jirani zetu. Kwenye muvi ya ngumi DJ anaongeza chumvi na inanoga. Ila muvi ambayo kimya ndo kinakutisha, DJ akishakijaza kile kimya maneno, kazi imeisha. Niliirudia makusudi kwenye kibanda, Lupita kajibanza na paka wake kifuani, hamna anayepumua, DJ akasema "we paka we, ukikohoa tu leo tunakula pilau la msiba wako". Ukumbi mzima ulivunjika mbavu na mimi nikiwemo. Nilicheka sana, ila muvi niliyoiona pale haikuwa ile waliyoitengeneza.

Na ni hasara, maana kwangu hiyo Day One inaipita hata ile ya kwanza. Lupita Nyong'o anacheza mgonjwa wa saratani ambaye siku zake zishahesabiwa, dunia inaisha na yeye anachotaka ni kipande cha piza cha kule Harlem alikokuwa akienda na baba yake, basi. Watu wote wanakimbilia kwenye maboti ye anapandisha mtaani kinyume nao. Tena yule paka, Lupita mwenyewe alishasema alikuwa anaogopa paka kweli kweli kabla ya hiyo kazi, walipomaliza akaenda kufuga wa kwake. Itafute isiyotafsiriwa, zima taa, chomeka iafoni. Mwisho wake umekaa kwenye sauti tu na sikwambii ni sauti ya nini.

Eti mwanzoni mwa Get Out kuna wimbo wa Kiswahili? Mwenzangu anabisha na tumewekeana soda. (Binti wa Likoni)

Kachukue soda yako dada, baridi. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, katunga Mmarekani anaitwa Michael Abels na hiyo ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza kuitungia muziki. Unaimbwa kama watu wananong'ona nyuma ya ukuta, na ukitega sikio ni wahenga wanamwonya ndugu yao akimbie. Sarufi imepinda kidogo, sisi tungesema wasikilize wahenga, lakini mi napenda hivyo hivyo ilivyopinda, inasikika kama mtu aliyekaa mbali na kwao miaka mia kadhaa afu anajaribu kukumbuka lugha.

Ila uhondo wenyewe ni huu hapa. Muvi ya 2017, Marekani nzima imekaa ukumbini haielewi kinachoimbwa, Jordan Peele kajiandikia stori iliyompa Oscar, steringi wake Daniel Kaluuya wazazi wake ni Waganda lakini ye kazaliwa London na mule ndani hajui lolote, kumbe mimi na wewe tunajua tangu dakika za mwanzo kabisa kwamba huyu kijana asiende ukweni! Nilivyochek mara ya kwanza nilisimamisha nikarudisha nyuma mara mbili, nikajua simu ya shemeji inaita chumba cha pili.

Buda, Sinners mnaisifia sana. Nimekaa lisaa lizima watu wanaimba na kukaanga samaki, vampaya hata mmoja sijaona. Nimemaliza bando bure. (Sijaelewa, Nakuru)

Pole ya bando nakupa, pole ya muvi sikupi. Uliizima wakati gani? Maana naona kama uliondoka harusini kabla bibi harusi hajaingia.

Tuanze na lile lisaa lako. Ni 1932, Clarksdale, Mississippi, mashamba ya pamba, mapacha wawili Smoke na Stack, wote anacheza Michael B. Jordan, wamerudi kutoka Chicago na pesa ambazo ukiuliza zimetoka wapi hupati jibu la maana. Wananunua banda la kupasulia mbao wakitaka usiku huo huo liwe ukumbi wa watu weusi kunywa na kucheza. Ryan Coogler anakuzungusha kwa kila mtu mmoja mmoja, mpiga kinanda mlevi, Wachina wenye duka, mke wa Smoke anayejua dawa za miti, binamu yao mdogo Sammie mwenye gitaa na baba mchungaji. Unadhani anapoteza muda? Anakufanya uwapende. Ukishawapenda ndo anawaleta wageni mlangoni. Mimi muvi inayoua watu ambao sijajua hata majina yao hainitishi, ni kama kusoma matangazo ya vifo ya mji mwingine.

Sasa huo mlango ndo naomba tukae nao kidogo. Sheria ya vampaya inajulikana, hawezi kuingia ndani mpaka akaribishwe. Kwa Mzungu hiyo ni sheria ya kwenye vitabu. Kwetu sisi je? Sisi ni watu wa hodi! Mtu akipiga hodi mdomo unajibu karibu kabla kichwa hakijauliza nani, mikono iko kwenye unga, mtoto analia, unajibu tu "karibuuu" na hujui ni mwenye nyumba au ni mwizi wa kuku. Remmick, yule mkubwa wa vampaya wa Sinners, angekuja Tandika au Kisauni angemaliza mtaa mzima kabla ya isha, tena kila nyumba angewekewa na kiti. Nilikaa pale nikaona hii muvi inatutisha sisi kuliko inavyowatisha wenyewe.

Na bibi yangu, Muheza huko, alikuwa na sheria yake, ukiitwa jina lako usiku usiitike, subiri uitwe mara ya tatu, maana kitu kibaya hakina subira ya kuita mara tatu. Tulikuwa tunacheka. Sasa chek Remmick anafanya nini: anasimama nje na wenzake, wana vyombo vyao, anaimba. Vizuri kabisa anaimba, hata mi ningetoka kuchungulia. Aliitwa na muziki wa Sammie, na ye anawaita wa ndani kwa muziki wake. Pale mlangoni hamna damu bado, ni sikio kwa sikio tu na tayari mwili umesisimka. Halafu wazee wetu wangemwelewa upesi, miaka hiyo hiyo ya 30 huku kwetu, Mombasa, Nairobi, Kampala, watu walikuwa wanafungiana milango usiku kwa kuogopa mumiani, kwamba kuna watu wanatumwa kunyonya watu damu, mpaka jina la wazimamoto likawa la kutishia watoto. Wakati ule anayetawala ni Mzungu na damu inayosemwa ni ya Mwafrika, huhitaji kuelezwa sana.

Kile kipande cha Sammie anapiga gitaa ukumbini, wanatokea watu wa kale na watu wa baadae wote wanacheza pamoja, mcheza ngoma wa Afrika Magharibi kando ya jamaa wa gitaa la umeme na DJ wa santuri, mi niseme ukweli nilitoa machozi na sikuona aibu. Sijaona kitu kama kile kwenye sinema miaka mingi.

Kasoro ipo. Vita ya mwisho ya bunduki na wale wabaguzi asubuhi yake inaburudisha lakini ni kama imekatwa kutoka muvi nyingine ikashonwa pale, na yule mama wa Kichina anavyopayuka kuwakaribisha mashetani waingie, naelewa wamemtishia mtoto wake, lakini mama jamani! Ukirudi kuimalizia usizime majina yakianza kupanda, kuna kipande tunapelekwa 1992, Chicago, Sammie kazeeka, na anayemcheza ni Buddy Guy mwenyewe, mzee wa blues wa kweli kabisa.

Naomba kuuliza, mbona mazombi ya Wazungu yanakimbia na kung'ata watu, misukule yetu inalima tu? (Mtani wa Same)

Hahaha, mtani swali hili nimeling'atia kucha wiki nzima. Jibu ni kwamba hata zombi zamani alikuwa analima. Asili yake ni Haiti, kule kwenye mashamba ya miwa ambako watu wetu walipelekwa utumwani, na hofu yenyewe haikuwa kuliwa, hofu ilikuwa kwamba hata ukifa huachiwi, unaamshwa ukaendelee kufanya kazi. Msukule tupu. Muvi ya kwanza kubwa ya mambo hayo, White Zombie ya 1932 (mwaka ule ule wa stori ya Sinners, bahati tu), mazombi yanazungusha kinu cha sukari usiku, hamna anayemng'ata mtu. Ni George Romero na Night of the Living Dead ya 1968 aliyewafanya wale nyama za watu, na tangu hapo wamesahau kabisa shamba. Halafu kwenye ile ya Romero steringi ni mtu mweusi, anapambana na maiti usiku kucha anashinda, kunapambazuka anapigwa risasi na walinzi waliokuja kuokoa. Steringi hafi, tulikuwa tunaapa hivyo kibandani, basi yule alikufa.

Kukimbia kulivumishwa na Danny Boyle na mwandishi wake Alex Garland kwenye 28 Days Later, 2002, japo wenyewe watakwambia wale si wafu, ni wagonjwa. Mwaka 2025 wakarudi na 28 Years Later na nyingi yake wamepiga kwa simu, iPhone, sema wamezifunga malenzi ya gharama usije ukadhani ni kama ya kwako. Watu wa pwani mtaipenda sehemu moja: wale wazima wanaishi kisiwani na kuna njia ya kwenda bara ambayo bahari ikipwa inaonekana, ikijaa imezama, kwaiyo ukienda kuwinda upande wa pili unatembea huku unahesabu maji. Mtu wa Pemba haelezwi hofu ya maji yanayojaa. Na wameweka sauti ya zamani, mtu anasoma shairi la Kipling la mabuti ya askari waliokuwa wakitembea Afrika Kusini vita ya Makaburu, ilirekodiwa 1915, linarudia rudia neno mpaka unataka kutoka nje. Hakuna dude kwenye kile kipande lililonitisha kama ile sauti. Nusu ya mwisho mi sikuipenda kama nusu ya kwanza, na dakika zake tano za kumalizia nilidhani nimebonyeza chaneli nyingine.

Lakini narudi kwa misukule. Mtu anayezikwa mkalia mkamaliza matanga, kumbe yuko shamba la mtu kijiji cha pili analima usiku, kakatwa ulimi, anawaona mnapita na hawezi kuwaita. Hawezi kuwaita! Mtani, hiyo inapita mazombi yote ya Uingereza na hayupo aliyeipiga ikaiva.

Salaam. Niko Muscat, nimeangalia Dune zote mbili na watoto, kila dakika wanauliza "baba hilo si neno letu?" Tunasikia vizuri au tunajipendelea? (Abu wawili)

Wa alaykum salaam sheikh, mnasikia vizuri. Frank Herbert aliyeandika kitabu, 1965, alichota Kiarabu kwa ndoo. Lisan al-Gaib, ulimi wa ghaibu, hata mtoto wa madrasa Kilwa anaipata. Mahdi haina haja ya kueleza. Yule kijana steringi, Paul, anapewa jina la Usul na wewe unasikia usuli, Muad'Dib kwao ni panya wa jangwani lakini sikio letu linasikia adabu na mtu wa kufundisha adabu. Kitu kilichonikera ni kwamba kitabuni jihadi imeandikwa wazi wazi, kwenye muvi ya 2021 wakaona aibu wakasema vita takatifu kwa Kiingereza, yaani maneno yote ya jangwani wamechukua, mchanga wamechukua wa Wadi Rum na wa Abu Dhabi hapo jirani yako, ila hilo moja likawaungua mdomo. Muvi yenyewe ya mwongozaji Villeneuve ni nzuri kwa macho na spika zikiwa kubwa kifua kinatetemeka, ile ya pili ya 2024 hasa, ila usiangalie umeshiba biriani.

Mwanangu ana miaka 8, kaangalia muvi ya yule mdoli M3GAN kwa simu ya dada wa kazi na sasa halali, mdoli wake kautupa nje. Nifanyeje? Na usinichekeshe. (Mama Morogoro)

Sichekeshi mama yangu, najua usiku wa hivyo ulivyo mrefu. Usimwambie "hamna kitu hapo", maana yeye ameona kitu, utamfanya aogope peke yake. Mwache alale na wewe siku mbili tatu, taa ya koridoni iwake, na mdoli asirudishwe mpaka aombe mwenyewe. Simu ya dada iwekwe namba ya siri, na dada asigombezwe mbele ya mtoto.

Halafu, mchana kweupe mnakula maandazi, mpe stori hii. Kulikuwa na muvi ya zamani inaitwa Alien, 1979, ina dude refu jeusi lenye meno lililotisha dunia nzima. Ndani ya lile dude alikuwa mwanafunzi wa Kinaijeria aliyekuwa akisoma London, anaitwa Bolaji Badejo, mrefu kupita mita mbili, walimkuta baa wakaona hizo ndo mikono na miguu wanayoitafuta. Vazi lilikuwa na mkia kwaiyo hakuweza kukaa kwenye kiti cha kawaida, ikabidi wamfungie kama bembea ya kupumzikia. Watoto wakifika kwenye hiyo bembea wanacheka. Dude lililokaa bembeani linasubiri chai haliwezi tena kukutoa usingizini. (Badejo hakuigiza muvi nyingine kubwa, alifariki 1992 kwa selimundu, lakini hiyo sehemu mwachie mtoto akikua.) Ile Alien: Romulus ya 2024 mi nimeipenda kwa sababu wamerudia mavazi na midude ya kushikika, isipokuwa pale walipomrudisha kwa mdoli wa mashine na kompyuta mwigizaji wa ile ya kwanza, Ian Holm, aliyefariki 2020, uso hauna uhai, hicho ndo kipande pekee kilichonitisha vibaya.

Akishalala vizuri muwekee The Wild Robot. Ni roboti pia, sauti ya Lupita, inalea bata bukini. Andaa leso, yako wewe siyo ya mtoto.

Sisi tutatengeneza lini ya kwetu? Au tutakaa tunasifia za wenzetu mpaka lini? (Mwana wa Kinondoni)

Kwani hatukutengeneza? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapa hapa Dar Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, mtaa mzima ulikuwa haukatizi peke yake ikiingia magharibi. Leo vijana wanazicheka. Hata mi nazicheka, yule jini ana hereni za kariakoo, lakini nilivyokuwa mdogo sikuwa nacheka. Na 2009 Mkenya Wanuri Kahiu akatoa Pumzi, dakika ishirini na kidogo tu, miaka 35 baada ya vita ya dunia iliyopiganwa kwa ajili ya maji, watu wanaishi ndani ya jengo, wanazalisha umeme kwa kukimbia kwenye mashine, jasho na mkojo vinasafishwa vinanywewa, na binti mmoja anapata udongo wenye unyevu akapanda mbegu. Muvi nzima watu hawaongei kwa mdomo. Tena, kimya. Kuna na Neptune Frost, 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, walipiga Rwanda, stori ya wachimba madini ya koltani na wadukuzi Burundi, mnasikia Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, vyote vinaimbwa. Sitakudanganya, nusu yake sikuielewa na niliangalia mara mbili kwa hiari yangu.

Ukisema hela, sawa, hela. Get Out iliyoitwa ya bei ya chini ilikuwa dola milioni 4 na nusu, sisi hiyo tungejengea na hoteli. Ila Wajapani na Godzilla Minus One ya 2023, kikosi cha watu 35 tu wa kompyuta walichukua Oscar mbele ya Wamarekani wenye mamia, na mwongozaji mwenyewe ndo alikuwa mkuu wa hicho kikosi. Tatizo letu kubwa mimi nasema ni sauti. Maiki inaokota feni, jogoo na gari la maji. Jini akitokea ni lazima ngurumo, kicheko cha mwangwi, na ule muziki ambao nimeusikia kwenye muvi hamsini, mpaka mtu unajua sekunde kumi kabla. Punguza. Nipe uchochoro wa Kariakoo saa tisa usiku, jenereta izimwe, mtu aite jina la mama mwenye nyumba mara moja. Mara moja tu. Usinioneshe kitu.

Muvi gani ilikufanya wewe mwenyewe ulale na taa? Usitudanganye. (Wasomaji kama sita hivi, mmeuliza kwa maneno tofauti)

His House, ya 2020, ya Remi Weekes. Mke na mume wa Sudan Kusini wamekimbia vita wakafika Uingereza, wamepewa nyumba bovu na masharti kibao, hawaruhusiwi kuhama, na ndani ya kuta kuna kitu kimewafuata kutoka baharini kinataka deni lake. Mke ni Wunmi Mosaku, yule yule mke wa Smoke kwenye Sinners. Kila ukutani panapokwaruza unajua ni sauti ya watu waliozama. Niliiangalia peke yangu, mke wangu kaenda msibani Tanga, sabufa nimefungulia mpaka mwisho si nilijifanya mtaalamu wa sauti.

Saa saba usiku, jamaa katoboa ukuta anaingiza mkono, nikasikia hodi.

Siyo kwenye muvi. Mlangoni kwangu.

Nikasimamisha muvi. Hodi tena. Mdomo ulishafunguka kusema karibu, nikaufunga kwa mkono, naapa. Nikakumbuka Muheza, nikasubiri ya tatu. Kimya kirefu, mpaka nasikia friji. Afu ya tatu ikaja na maneno: "We baba, hodi! Punguza hilo sabufa, mtoto wangu ana mtihani kesho na wewe unatikisa ukuta mzima!"

Nilizima. Mlango sikufungua, nilimwomba radhi kwa dirishani, na asubuhi nikampelekea chapati.

Toleo lijalo nimeshapata maswali ya The Substance na Nosferatu, na kuna mtu wa Bukavu anataka tugombane kuhusu Weapons na wale watoto wa saa nane na dakika 17 usiku. Nitumieni mengine.